Somo: Kapasita za pawa saplai ya amplifaya, volti kwanza

Salaam wakuu. Swali ambalo haliishi ni hili: nikitia kapasita (kile kikopo kinachohifadhi chaji ya umeme) kubwa zaidi, bezi itapanda? Mara nyingi haipandi. Amplifaya nyingi zenye mvumo kwenye spika hapa Mombasa, kapasita zake zimekauka kwa joto, au zilifungwa za volti zisizotosha tangu mwanzo. Kwa hivyo mimi hupanga hivi: volti, kisha joto, mikrofaradi (uF, kipimo cha ukubwa wa chaji inayohifadhiwa) baadaye.

Tuchukue mfano mmoja twende nao: transfoma ya 25-0-25 (volti 25 kila upande, graundi katikati, kwa hivyo tunapata upande wa volti chanya na wa volti hasi), IC ya TDA7294 inayokuza sauti, spika moja ya omu 8, wati 50 hivi.

Hatua ya 1: Toa chaji
Chomoa plagi, kisha shikiza resista ya omu 100 ya wati 5 kwenye miguu miwili ya kapasita kwa sekunde kadhaa. Hakikisha kwa mita. Ile tabia ya kupiga shoti kwa bisibisi iacheni, inakula miguu na cheche zake hazina adabu.

Hatua ya 2: Volti
Volti 25 za transfoma ni za AC. Zikishapita kwenye rektifaya (diodi zinazogeuza AC kuwa DC) na kapasita, zidisha kwa 1.41, unapata 35 hivi, ukitoa kidogo kinacholiwa na diodi. Sasa transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa, na stima ya 240 usiku wa manane watu wakizima vyombo inaweza kupanda. Asilimia 10 tu ikiongezeka, uko 38 na ushee. Anayekuuzia kapasita ya volti 35 kwa kazi hii anakuuzia safari ya kurudi dukani. Chukua ya 50. Kwa transfoma ya 30-0-30 hesabu inafika 42, hapo nenda 63.

Hatua ya 3: Joto
Ubavuni utaona 85 au 105. Hizo ni nyuzijoto ambazo kapasita inavumilia kwa saa zilizoandikwa na mtengenezaji. Kanuni ya mafundi: kila nyuzi 10 unazopunguza, umri unakaribia kuongezeka mara mbili. Kwa joto letu, tena sanduku limefungwa na kubanwa ukutani, lipa tofauti uchukue 105, na uiweke mbali na hitisinki, kile chuma cha kupooza IC.

Hatua ya 4: Mikrofaradi
Stima yetu ni Hz 50, rektifaya inatumia pande zote mbili za wimbi, kwa hivyo kapasita inajazwa mara 100 kwa sekunde. Katikati ya hapo inalisha amplifaya peke yake, na volti zinashuka. Hesabu ya kukadiria:

volti zinazoshuka = ampea ÷ (100 × faradi), ambapo faradi ni mikrofaradi ÷ 1,000,000

Wati 50 kwenye omu 8 zinavuta wastani wa ampea 1.1 kila upande. Kapasita ya 4,700uF itashuka volti 2.3 hivi, ya 10,000uF volti 1.1, ya 22,000uF nusu volti. Kutoka 4,700 kwenda 10,000 utaona faida ukiikaza sauti. Kutoka 10,000 kwenda 22,000 sikio halitakwambia kitu, lakini rektifaya na fyuzi zitakwambia: kapasita tupu ukiwasha ni kama shoti, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo mshtuko unavyodumu. Kwa mfano wetu 10,000 kila upande inatosha. Spika ya omu 4? Mkondo unakuwa mara mbili, weka mbili za 10,000 sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) kila upande.

Hatua ya 5: Dukani
Hapa ndipo pesa zinapopotea. Kapasita feki ukiichana, ndani ya kopo kubwa la alumini unakuta kapasita nyingine ndogo, ina lebo yake, imeungwa kwa vipande vya waya. Jina la Nichicon au Rubycon kwenye plastiki ya juu si ushahidi. Pima kwa mita: kwa kawaida inaruhusiwa kupungua au kuzidi asilimia 20, basi ya 10,000 isome kati ya 8,000 na 12,000. Ila mita haikwambii volti. Kwa hilo angalia umbo: ya 10,000 ya volti 50 huwa na unene wa milimita 25 hadi 35. Iliyo kama kidole gumba, mrudishie mwenyewe.

Hatua ya 6: Kufunga
Mstari wenye alama ya kutoa ni mguu hasi. Upande wa volti hasi, mguu CHANYA ndio unaokwenda graundi. Ukiugeuza, kapasita inapasuka. Ongeza resista ya 2.2k ya wati 2 sambamba na kila upande ili chaji itoke yenyewe ukizima. Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya waya ya wati 60 iliyoungwa mfululizo na waya wa moto (laini), yaani umeme upite kwenye balbu kwanza: iwake kidogo kisha ififie. Ikibaki inang'aa, zima.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kisauni: Shikamoo mwalimu. Nimeweka 22,000 na bado inavuma.
Jibu: Marahaba. Chomoa waya wa kuingiza sauti, unganisha ingizo na graundi. Mvumo ukiisha, kapasita hazina kosa. Tafuta waya wa sauti usio na ngao nzuri, au graundi iliyounganishwa sehemu mbili.

Mwanachama, Likoni: Kapasita ya volti 450 kutoka TV ya zamani inafaa? Volti si nyingi mno?
Jibu: Volti nyingi hazidhuru, kaka. Tatizo ni kwamba hizo huwa 100 au 220uF. Kwa amplifaya hii ni kama hujaweka kitu.

Mwanachama, Magongo: Chini ya kapasita kuna kitu cha kahawia. Imevuja?
Jibu: Si lazima, dada yangu. Viwandani hupaka gundi, na ikizeeka kwa joto hugeuka kahawia. Kwangua: ikiwa ngumu ni gundi, lakini iondoe yote, maana ya zamani huanza kupitisha umeme na kula waya. Ikiwa nyevu na ina harufu kali, au kichwa cha kapasita kimefura, badilisha zote mbili pamoja, usafishe bodi kwa spiriti kabla ya kufunga mpya.