Kuandika kumbukumbu: usianzie kuzaliwa

Wengi hapa Lamu huanza na "Nilizaliwa Langoni", wakifika darasa la nne daftari linafungwa. Maisha yote hayaingii kwenye kumbukumbu moja. Chukua kipande chenye mwanzo na mwisho: mwaka mliohamia Shela, au msimu mmoja wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka, ulipokuwa ukifanya kazi jahazini. Hicho pekee kinajaza kurasa 20.

Kisha tafuta tarehe, na hapa ndipo wengi huteleza. Ukimuuliza bibi ilikuwa mwaka gani, atakisia. Muulize ilikuwa kabla au baada ya nini. Jaribio la mapinduzi nchini Kenya lilikuwa 1 Agosti 1982. Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 1997. Tsunami ilikuwa 26 Desemba 2004. Akikutajia Ramadhani, piga hesabu, kwa kuwa kila mwaka huja mapema kwa siku 11 hivi. Mwaka 1982 ilianguka Juni na Julai, kusi inavuma. Ile ya El Niño ilianza mwisho wa Desemba. Kwa hiyo anayekumbuka kufunga katika joto la kaskazi, upepo wa kuanzia Desemba, hazungumzii mapema miaka ya themanini.

Sasa andika tukio moja, maneno 300, bila kueleza hisia. "Babu alikuwa mkali" haimwonyeshi mtu. "Babu akikohoa mara moja, baraza nzima inanyamaza" inamwonyesha. Usichanganye unachojua leo na ulichojua ukiwa na miaka tisa: mtoto aliona mlango umefungwa, habari za deni alizipata miaka mingi baadaye. Ziweke baadaye.

Masimulizi yawe Kiswahili sanifu ukitaka, lakini bibi wa Mkomani asiongee kama mtangazaji wa redio. Mwache aseme "ndoo hapa", yaani njoo hapa kwa Kiamu. Msomaji wa Bara atadhani ni ndoo ya maji, basi mwandike mtoto akimwendea. Maana itajitokeza bila mabano.

Mazungumzo usiyoyakumbuka neno kwa neno, yafupishe. Mistari miwili inaaminika kuliko ukurasa mzima.

Majina nayo yana kazi. Kubadili jina peke yake hakufichi mtu katika mji ambao kila nyumba inajulikana. Badili pia mtaa na kazi yake, au kamwombe ruhusa kabla hujachapisha. Akikataa, mwondoe, hata kama ndiye aliyekuwa na kisa kitamu kuliko vyote.