Kabla ya kuchukua fomu ya urais: mambo ya kuweka sawa ukiwa bado Tanga

Ibara ya 39 ya Katiba ya Tanzania, inayotaja sifa za mgombea urais, haina maneno mengi. Uwe raia wa kuzaliwa, umetimiza miaka 40, uwe mwanachama na mgombea uliyependekezwa na chama cha siasa, uwe na sifa za kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na katika miaka mitano kabla ya uchaguzi usiwe umetiwa hatiani na mahakama kwa kukwepa kodi. Kudaiwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) si kutiwa hatiani, lakini deni lililofika mahakamani limalize mapema.

Kwenye uraia, wenye ndugu pande zote mbili za Horohoro, mpakani na Kenya, wasizembee. Aliyepata uraia kwa kuandikishwa hagombei, hata awe ameishi Mkinga tangu utotoni. Cheti chako cha kuzaliwa, na vielelezo vya uraia wa wazazi, viwe mkononi kabla mtu hajaanza kuuliza.

Mgombea binafsi hayupo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika shauri alilokuwemo Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba zuio hilo linakiuka haki, lakini Katiba bado inadai chama. Kwa hiyo chama ndiyo roho ya safari hii, na ndipo wengi wanapokwama. Mwaka 2025 Chadema hawakusaini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, wakawa nje ya uchaguzi wote. Mwaka huohuo Luhaga Mpina alipitishwa na ACT-Wazalendo muda mfupi tu baada ya kujiunga. Ubishi kuhusu kanuni za ndani za chama ukafika kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, ukaenda mahakamani, na mwisho jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura. Kwa hiyo soma katiba ya chama chako na kanuni zake za uteuzi mstari kwa mstari: mwanachama anatakiwa awe na muda gani, fomu za ndani zinafungwa lini, kikao kipi kina mamlaka ya kuteua. Muhtasari wa kikao hicho uwe na saini na mahudhurio yanayoeleweka.

Mgombea mwenza lazima atoke upande wa pili wa Muungano na awe wa chama hichohicho. Ukiwa wa Bara, tafuta Mzanzibari mwenye sifa kamili, maana dosari yake inakuangusha na wewe.

Kazi ya jasho ni wadhamini: wapiga kura wasiopungua 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, na angalau miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Hapa Tanga tuna bahati ya kijiografia. Pemba ni mikoa miwili, Kusini na Kaskazini. Boti ikikushusha Mkoani unaanza na Kusini, kisha unapanda gari hadi Wete kwa ajili ya Kaskazini. Boti haziondoki kila siku, kwa hiyo panga ratiba kwanza.

Usikusanye 200 kamili. Kusanya 260 au 300, kwa sababu majina huchujwa. Mdhamini awe kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la mkoa huo. Kijana anayeuza samaki Deep Sea anaweza kuwa amejiandikisha Kilwa, na huyo kwa Tanga hakufai. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi: kadi ikisema Mwanaidi, usiandike Mwanahidi. Namba ya kadi inakiliwe kutoka kwenye kadi yenyewe, si kwa mtu kuitaja kwa mdomo. Muulize pia kama hajatia saini fomu ya mgombea mwingine. Gawa kazi: Ngamiani na Makorora timu moja, Muheza nyingine, Korogwe na Lushoto ya tatu, na kila jioni mtu mwenye subira apitie karatasi zote.

Kuna tamko la kisheria mbele ya Jaji wa Mahakama Kuu, na dhamana ya shilingi milioni moja kwa Tume ya Uchaguzi. Hiyo si ile ada ya fomu ya ndani ya chama; ziwekwe kwenye risiti na mafaili tofauti.

Uteuzi hufungwa saa kumi jioni. Kutoka Tanga hadi Dodoma, ziliko ofisi za Tume, ni safari ya siku nzima, kwa hiyo fika siku mbili kabla, ukiwa na nakala za kila karatasi na fomu chache za wadhamini za akiba. Baada ya hapo tayarisha wakili, maana pingamizi linaweza kuletwa na mgombea mwenzako au Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na majibu yanatakiwa haraka.