Bao la jioni: namna ya kulianza nyumbani na kulishika kila siku

Dada yangu alistaafu ualimu mwaka juzi. Miezi ya mwanzo simu ndiyo iliyokuwa mwenzake. Aliamka nayo na kulala nayo, na usingizi ulimjia saa nane za usiku. Nilipokwenda Tanga kukaa naye wiki mbili, tukaanza kucheza bao kila siku baada ya alasiri. Niliporudi kwangu yeye akaendelea na jirani yake, na hajaacha mpaka leo.

Sisemi bao ni dawa. Mwenye tatizo la usingizi lisilokwisha na amwone daktari. Ninachojua ni kwamba kwa muda ule mikono inashughulika, akili inahesabu, na kuna mtu mwenye uso na sauti amekaa mbele yako. Nimeandika hatua tulizopitia, pamoja na pale tulipokwama, kwa sababu nadhani wengi wanaoliacha bao hukwama palepale.

Hatua ya 1: Ubao na kete

Unahitaji mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Ukiweza kununua ubao wa mbao, nunua. Mninga na mvule hudumu miaka, na mlio wa kete ndani ya shimo la mbao ni sehemu ya raha yenyewe. Kama huna fedha sasa, chukua treya mbili za mayai, kata katika kila moja kipande cha vishimo 4 kwa 4, halafu uviunganishe kwa gundi ya karatasi. Dada alianzia hapo. Kwenye mchanga unaweza kuchimba tu kwa kidole gumba, kama tulivyofanya utotoni.

Kete bora ni komwe. Ni mbegu za mkomwe, kile kichaka chenye miiba kinachoota karibu na ufuo. Ni ngumu, laini, za kijivu, na zinajaa mkononi bila kuteleza. Ukikosa komwe tumia kokoto zinazolingana. Gololi sizipendi hata kidogo, kwani ukigusa ubao zinahama na mchezo unageuka ubishi. Maharage ni mepesi mno, na vidole vya mtu mzima huchukua mawili badala ya moja.

Bao la kwenye simu silishauri kwa anayetafuta utulivu. Programu inakutembezea kete yenyewe, kwa hiyo hujifunzi, na bado macho yako yako kwenye kile kioo ulichotaka kukipumzisha.

Hatua ya 2: Mtu mmoja, wakati mmoja

Chagua mtu mmoja anayekaa karibu nawe, na wakati mmoja usiobadilika. Basi.

Hatua ya 3: Anza na bao la kujifunza

Kuna bao la kiswahili, lile la wakubwa. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kuna kunamua (kuziingiza ubaoni zile za mkononi), kuna nyumba, yaani shimo maalumu lenye sheria zake. Liache kwanza. Ukimwanzishia mtu mgeni huko atakuonea haya, atasema ameelewa, na kesho hatakuja.

Bao la kujifunza halina cha mkononi. Weka kete 2 katika kila shimo, pande zote mbili. Safu mbili zilizo upande wako ni zako. Iliyo karibu na mpinzani tuiite ya mbele, iliyo karibu na tumbo lako ni ya nyuma. Kila mmoja ana kete 32.

Hatua ya 4: Kutembeza, kula, kulala

Chukua kete zote za shimo lako moja lenye kete 2 au zaidi, udondoshe moja moja katika mashimo yanayofuata, kulia au kushoto utakavyo. Ukifika mwisho wa safu unazunguka kwenye safu yako nyingine. Hutembezi kete kwenye mashimo ya mpinzani.

Tazama kete ya mwisho imeangukia wapi:

- Shimo lililokuwa tupu: umelala, zamu ni ya mwenzako.
- Shimo la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani lililo mkabala nalo lina kete pia: unakula zote za lile shimo lake.
- Shimo lenye kete lakini hakuna cha kula mkabala, au ni shimo la nyuma: unachota zote zilizomo, na ile uliyodondosha, unaendelea kwa mwelekeo uleule.

Hatua ya 5: Ulizokula unaanza kuzitembeza wapi?

Hapa ndipo tulipopoteza jioni tatu nzima, na kosa lilikuwa langu. Nilijifunza bao nikiwa mdogo kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu wazima barazani, kwa hiyo mkono wangu unajua pa kwenda bila mimi kuuambia. Dada alipokula, nikawa namwambia "siyo huko," "sasa rudi huku," na kila mara jibu lilikuwa tofauti. Jioni ya tatu akaweka kete chini akasema, "Mdogo wangu, darasani kwangu nisingemfundisha mtoto hivi." Usiku ule nikakaa na ubao peke yangu, nikacheza polepole nikiandika kila mkono wangu unachofanya. Hiki ndicho kilichotoka.

Yape mashimo yako ya mbele namba 1 hadi 8, kutoka kushoto kwako. La 1 na la 8 ni vichwa. Kichwa pamoja na shimo lililo jirani yake ni kimbi. Kwa hiyo 1 na 2 ni kimbi cha kushoto, 7 na 8 ni kimbi cha kulia. Mashimo 3, 4, 5 na 6 ni ya katikati.

Kete ulizokula haziendelei kutoka pale ulipokula. Daima zinaanzia kichwani, katika safu yako ya mbele. Swali ni kichwa kipi, na majibu ni matatu:

1. Ukila kwenye kimbi cha kushoto (1 au 2), anza kichwa cha kushoto, tembeza kwenda kulia. Haijalishi ulikuwa unatoka wapi.
2. Ukila kwenye kimbi cha kulia (7 au 8), anza kichwa cha kulia, tembeza kwenda kushoto. Hapa pia haijalishi.
3. Ukila katikati, mwelekeo uliokuwa nao haubadiliki. Kama mbele ulikuwa unakwenda kulia, anza kichwa cha kushoto ili uendelee kwenda kulia. Kama ulikuwa unakwenda kushoto, anza kichwa cha kulia.

Usiishie kusoma. Panga ubao mpya, kete 2 kila shimo, ufanye mfano huu kwa mikono yako.

Mfano wa kwanza. Chukua kete 2 za shimo la 3, nenda kulia: 4, 5. Ya mwisho iko 5, mkabala kuna 2, kula. La 5 ni katikati na ulikuwa unakwenda kulia, kwa hiyo anza kichwa cha kushoto: 1, 2. Ya mwisho iko 2, mkabala kuna 2, kula tena. La 2 ni kimbi cha kushoto, anza kichwa kilekile: 1, 2. Sasa shimo la 2 lina kete 4 na mkabala hamna kitu, kwa hiyo chota hizo 4 uendelee kulia: 3, 4, 5, 6. La 6 lilikuwa na kete na mkabala kuna 2, kula. Ni katikati, mwelekeo ni kulia, anza tena kushoto: 1, 2. Shimo la 2 lilikuwa tupu. Umelala.

Hesabu safu yako ya mbele kutoka kushoto. Inatakiwa isomeke 5, 1, 1, 4, 4, 3, 2, 2. Ukiongeza 16 za nyuma una 38, maana umekula 6. Kama hesabu yako ni tofauti, rudisha zote uanze upya. Usijaribu kurekebisha katikati ya njia.

Mfano wa pili ndio unaogeuza mwelekeo, na ndio uliokuwa unamtesa dada. Panga upya. Chukua kete 2 za shimo la 5, nenda kulia: 6, 7. Ya mwisho iko 7, kula. La 7 ni kimbi cha kulia! Ulikuwa unakwenda kulia, sasa lazima uanze kichwa cha kulia na urudi kushoto: 8, 7. Shimo la 7 lina 4, mkabala ni tupu, chota. Sasa sikiliza vizuri: unaendelea kwa mwelekeo mpya, kushoto, siyo ule ulioanza nao zamu. 6, 5, 4, 3. La 3 lina kete, mkabala kuna 2, kula. Ni katikati, mwelekeo wako wa sasa ni kushoto, kwa hiyo anza kichwa cha kulia: 8, 7. La 7 lilikuwa tupu, umelala. Mbele isomeke 2, 2, 3, 3, 1, 4, 1, 4. Jumla yako ni 36.

Mambo matatu yaliyotusaidia. La kwanza, tulipaka chaki kwenye vimbi vinne, viwili kwa kila mchezaji, na hatukuifuta mpaka wiki ya pili. La pili, dada alikata mshale wa kipande cha boksi akauweka kando ya ubao. Kila mwelekeo unapogeuka anaugeuza mshale kabla ya kugusa kete. Usione haya kufanya hivyo, hata mbele ya wanaojua. La tatu, sema kwa sauti: "nimekula kimbi cha kulia, naanza kulia, narudi kushoto." Ukisema, mwenzako anakusahihisha mapema, na mdomo unaufundisha mkono.

Na angalizo: ukila kete nyingi kuliko 8, zitavuka safu ya mbele na kuzunguka nyuma. Hakuna ubaya. Ya mwisho ikiangukia nyuma kwenye shimo lenye kete, chota uendelee. Nyuma hakuna kula.

Hatua ya 6: Kutakasa na kushinda

Ukiwa na njia ya kula, ni lazima ule. Shimo la kuanzia kula lisiwe na kete zaidi ya 15. Kama huna njia ya kula kwa kete za kwanza unazotembeza, unatakasa: chukua shimo la mbele lenye kete 2 au zaidi (hakuna, chukua la nyuma), tembeza mpaka ulale. Zamu ya kutakasa haina kula hata ukipita penye nafasi nzuri.

Mpinzani akiishiwa kete zote za safu ya mbele, au asiwe na shimo hata moja lenye kete 2 au zaidi, umeshinda.

Hatua ya 7: Kulifanya desturi

Simu ikae chumba kingine. Siyo mfukoni, siyo kifudifudi mkekani. Dada aliiweka kabatini, akawaambia watoto wake wapige kabla ya saa kumi au baada ya magharibi, na hakuna aliyelalamika.

Cheza michezo miwili tu. Wa tatu ndio unaoleta ugomvi, na ndio unaochelewesha chakula cha usiku. Msiwekeane fedha, wala soda. Mara tu kunapokuwa na cha kupoteza, yule mdhaifu anaanza kutafuta sababu za kutokuja.

Mwenye magoti mabovu asikae mkekani kwa ajili ya kuonekana mcheza bao. Weka ubao juu ya kigoda, kaeni kwenye viti. Watazamaji wakaribishwe, ila wasimwoneshe mtu njia wiki za mwanzo. Mjuzi akisimama nyuma ya mgeni na kunyoosha kidole, mgeni anaacha kufikiri.

Siku ikikupita, usicheze mara nne kesho yake kufidia. Cheza miwili kama kawaida.

Bao la kiswahili lianze lini? Dada na jirani yake waliingia huko baada ya miezi miwili hivi, walipogundua kwamba mshale wa boksi umekaa siku tano bila mtu kuugusa.

Na kabla ya kufunga ubao, hesabuni kete pamoja, mpaka 64. Ikikosekana moja, inueni mkeka sasa hivi kungali na mwanga. Nyumba yenye mtoto mdogo au kuku, mkilala hamtaiona tena.