Kuwapa miche kuvu rafiki: anza mapema, kitaluni

Kama unataka kuvu wa mikoriza (wale wanaoishi kwenye mizizi na kuuletea mmea fosforasi) washike mizizi, usisubiri siku ya kuhamisha miche, anza kitaluni kabisa, maana anayefika kwanza kwenye mzizi mchanga ndo anachukua nafasi, wengine wanakuja kubanana baadaye. Weka hiyo dawa ya kuvu (naiita dawa tu, haiui kuvu, ni kuvu wenyewe: spora, yaani chembe zao za kuzaliana, na vipande vya mizizi yenye kuvu hao) chini ya mbegu pale mizizi itakapopita, ukiimwaga juu juu umepoteza. Fosforasi punguza, mmea ukishiba fosforasi hauwahitaji kuvu, na dawa za kuua kuvu weka mbali.

Angalia aina pia: msonobari unataka kuvu wake tofauti na wa mahindi, na kabichi usihangaike nayo, haishirikiani nao.

Sasa ukishapanda shambani, kuvu wenyeji nao wanaingia, wale uliowaweka wanaweza kubaki, kuchanganyika au kupotea kabisa, kwahiyo mche kunenepa sio ushahidi kwamba bado wapo. Acha miche kadhaa bila kuwekewa, halafu baada ya miezi michache linganisha mizizi kwa darubini, ila kutofautisha spishi inabidi upime DNA.