Pangusa sufuria ya nazi kabla ya kuiosha
Kwa sisi wa Lamu tunaopika kwa nazi karibu kila siku: sufuria ya samaki wa kupaka au wali wa nazi ipanguse kwanza kwa gazeti kuukuu au konzi ya machicha, utupe takani, ndipo uioshe. Nimeanza hivi baada ya fundi kufungua bomba letu la sinki lililoziba na kutoa bonge jeupe zito kama sabuni. Mafuta hung'ang'ania ukuta wa bomba, na usiku wa majira ya kusi, joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ya nazi huganda kabisa. Punje za wali hunasa papo hapo pale bomba linapopinda chini ya sinki. Maji ya kisima yenye chokaa nayo hushikana na sabuni yakaongeza utando.

Haisaidii kama kilichoziba ni mchanga au nywele za bafuni, wala kama shimo la maji taka limejaa. Hapo utaona choo na sinki vyote vinagoma pamoja. Na tafadhali, usimimine maji yanayochemka kwenye bomba la plastiki, maungio hulegea. Ya moto yanayovumilika mkononi yatosha.