Somo: Gitaa la vidole viwili, mtindo wa Katanga

Yambo wote. Wengi wananiuliza mtu ambaye hajawahi kushika gitaa aanzie wapi. Mimi huanzia kwenye kidole gumba.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, huku kwetu Katanga, kusini mwa Kongo. Sikilizeni rekodi zile. Ni gitaa moja kavu, lisilo na umeme, lakini masikio yanakuambia wapo wawili: mmoja anatembea chini na besi, mwingine anaimba juu. Wawili hao ni gumba na kidole cha shahada vya mkono mmoja. Watu waliokuja kwenye migodi ya shaba walitoka pande nyingi, wakaelewana kwa Kiswahili, na gitaa lililotoka ng'ambo likajifunza kusema nao. Ndiyo maana sipendi mwanafunzi wa Lubumbashi aanze kwa kukwangua nyuzi zote sita kwa mkupuo. Urithi wetu uko kwenye gumba.

Kwanza, linganisha nyuzi. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba, sauti zake ni: mi, la, re, sol, si, mi. Bonyeza uzi wa sita (ule mnene) kwenye nafasi ya tano (nafasi ni sehemu kati ya chuma na chuma kwenye shingo ya gitaa), utasikia la. Uzi wa tano ukiwa wazi utoe sauti hiyohiyo. Endelea hivyo, ila kutoka sol kwenda si bonyeza nafasi ya nne. Hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Pili, shika akodi ya do (akodi ni sauti kadhaa zinazokwenda pamoja). Kidole cha pete uzi wa tano, nafasi ya tatu. Cha kati uzi wa nne, nafasi ya pili. Cha shahada uzi wa pili, nafasi ya kwanza. Bonyeza karibu na chuma, usikae juu yake.

Tatu, na hapa kaeni hata wiki mbili: gumba peke yake. Uzi wa tano, uzi wa nne, tano, nne. Polepole, kama mtu anayetembea kutoka mtaa wa Kenya kwenda mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, bila haraka. Piga huku unazungumza na mtu. Ukijibu swali na gumba lisisimame, liko tayari. Mjomba wangu alinifanya nipige hivyo huku nikimhesabia makopo ya unga, na kila nilipokosea hesabu alijua gumba litayumba kabla halijayumba.

Nne, ongeza shahada kwenye uzi wa pili, katikati ya mapigo mawili ya gumba. Halafu uzi wa kwanza, halafu wa tatu. Wimbo unaanza kujitokeza wenyewe. Akodi za fa na sol tutazifanya somo lijalo. Do inatosha mwezi mzima.

MASWALI

Yaya, vidole vinaniuma sana, niache?
Usiache, mdogo wangu. Piga dakika kumi na tano asubuhi na kumi na tano jioni, usipige saa nzima kwa siku moja. Ngozi itaota sugu. Gitaa langu la kwanza lilikuwa na uzi uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli, najua maumivu hayo.

Mwalimu, papa wangu anasema gitaa ni kazi ya walevi. Nimwambie nini?
Usibishane naye. Ni kweli gitaa lilipigwa kwenye baa, lakini lilibeba pia mashauri ya ndoa, safari na kazi, kwa Kiswahili anachokielewa yeye. Jifunze wimbo mmoja wa ujana wake, umpigie jioni akiwa amekaa nje. Mimi nilifanya hivyo kwa baba yangu, akaniomba nirudie.

Mwalimu, gitaa langu lilikuwa zuri wakati wa mvua. Tangu mwezi wa saba nyuzi zinavuma kama nyuki.
Mbao zimekauka, mama. Kiangazi chetu kinanyonya maji yote, uso wa gitaa unashuka na nyuzi zinagusa vyuma. Chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe, weka ndani sponji yenye unyevu uliyoikamua vizuri, kisha kiweke kwenye mkoba pamoja na gitaa, mbali na mbao. Loweka tena kila sponji inapokauka. Usimpelekee fundi apandishe daraja (kile kipande kinachobeba nyuzi) kabla ya kujaribu hivyo, maana mvua zikirudi mbao zitavimba tena na daraja lililopandishwa litabaki juu mno.