Kuipa seva anwani ya kudumu unaposakinisha Ubuntu Server

Stima ikipotea Kondele, Kisumu, ikarudi, ruta inawaka upya na vifaa vinaomba anwani upya. Seva iliyokuwa 192.168.1.123 jana inaweza kuamka ikiwa 192.168.1.131, na kompyuta zote za ofisini zikabaki zikiitafuta kwa anwani ya zamani. Ndiyo maana anwani ya seva ifungwe palepale kwenye usakinishaji, isiachiwe kesho.

Kabla ya kuchomeka fleshi ya usakinishaji, ingia kwenye ruta kwa laptopu uandike mambo mawili: anwani ya ruta yenyewe, na anwani inazogawa kwa DHCP (utaratibu wa ruta kuvipa vifaa anwani yenyewe). Tuseme ruta ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 100 hadi 200. Seva ipe 10, nje ya mgao. Ukiiweka ndani ya mgao, siku moja simu ya mgeni inaweza kupewa anwani hiyohiyo, na seva itakuwa ikionekana na kupotea. Kosa hilo linaweza kukulia siku nzima.

Tumia waya, si Wi-Fi. Kwenye skrini ya mtandao utaona majina kama eno1 au enp3s0. Chagua lenye waya, bonyeza Enter, ingia "Edit IPv4", weka "Manual", kisha jaza:

Subnet: 192.168.1.0/24
Address: 192.168.1.10
Gateway: 192.168.1.1
Name servers: 192.168.1.1,8.8.8.8

Mstari wa kwanza ndio unaokwamisha wengi. Wanaandika 192.168.1.10/24 na skrini inakataa. Hapo panatakiwa mtandao mzima, ndiyo maana inaishia na sufuri. /24 ni sawa na 255.255.255.0. Mstari wa pili hauna /24 kabisa. Gateway ni ruta, mlango wa kutokea kwenda intaneti. Seva za majina (Name servers), zinazogeuza jina kama ubuntu.com kuwa anwani, zitenge kwa koma. "Search domains" iache wazi, na skrini ya proksi (seva ya kupitishia intaneti) vilevile kama huna.

Mashine ikiwa na tundu la pili lisilo na waya, lizime kwa "Disabled". Likiachwa kwenye DHCP, seva inaweza kukaa kama dakika 2 kila inapowaka, ikingoja mtandao usiokuja.

Ukishawasha upya, pima kwa mpangilio huu (ip a inaonyesha anwani ya seva, ping inauliza kama upande wa pili unajibu):

ip a
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping ubuntu.com

Ruta isipojibu, kagua waya na anwani. Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 inanyamaza, kagua Gateway kwanza, kisha kama ruta yenyewe ina intaneti. Ikikwama kwenye jina tu, shida ni Name servers.

Kurekebisha, fungua faili ya mipangilio ya mtandao iliyo ndani ya /etc/netplan. Sogeza mistari kwa nafasi, kamwe si kwa Tab. Kisha tumia sudo netplan try badala ya sudo netplan apply: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani inarudi yenyewe. Kama uko Nakuru na seva iko Kisumu, hizo sekunde zinakuokolea nauli.